Sauti ya Mutindi Baada ya Goita

Siku ya soko la mifugo Emali, hukuhitaji kumwona Mutindi ndipo ujue amefika. Alikuwa dalali wa mbuzi, na sauti yake ilishinda ngurumo za malori. Kwa hiyo alipozinduka hospitalini baada ya kutolewa goita, uvimbe wa shingoni, akakuta amebakiwa na mnong'ono, alilia machozi yasiyo na kilio.

"Huenda itarudi," muuguzi alimwambia. "Lakini ukisikia ganzi vidoleni, usikae nyumbani, rudi." Mutindi alishika hilo la kwanza tu.

Ganzi ilimwanzia nyumbani Kathonzweni, kwenye midomo, kisha vidoleni. Akadhani ni uchovu. Mchana mmoja, mumewe Kyule akichimba mitaro shambani, yeye alikuwa uani akipepeta ndengu. Ghafla mikono ikajikunja, vidole vikabanana visiachane. Ungo ukaanguka. Miguu nayo ikakaza, akaenda chini.

"Baba Mbithi," akamwita mumewe. Kuku aliyekuwa akidonoa ndengu kando yake hata hakushtuka. Jembe la Kyule lilisikika kule chini, pu, pu. Angekuwa na sauti yake, wito mmoja ungetosha. Simu ilikuwa ndani, na vidole vyenyewe ndivyo hivyo. Koo likaanza kumbana. Akamwomba Mungu kwa Kikamba, Kiswahili kilikuwa kimemtoroka.

Akajiburura hadi kwenye zizi, akausukuma mlango kwa bega. Mbuzi wakamruka, wakateremka mbio kwenye kunde, kule alikochimba Kyule.

Kyule akapanda akifoka, fimbo mkononi. Alipomwona, fimbo ikamponyoka.

Hospitalini walimtundikia dripu ya kalsiamu, vidole vikalegea polepole.

"Kuna vitezi vidogo nyuma ya goita vinavyodhibiti kalsiamu mwilini, viliumia kwenye upasuaji," daktari alieleza. "Atameza vidonge kila siku."

"Na sauti?" Kyule akauliza.

Daktari akaliangalia kovu la shingoni. "Mshipa wa sauti uliguswa. Kwa wengine hurudi baada ya miezi. Wengine hairudi."

Mwaka unakwisha sasa tangu upasuaji, na sauti haijarudi. Kyule, mtu mpole asiyezoea umati, ndiye anayenadi mbuzi sokoni, naye Mutindi humnong'oneza bei sikioni. Madalali wengine humpigia Kyule kelele, wateja wakamwacha katikati ya sentensi. Mutindi hufungua mdomo kumsaidia, kisha anaufunga, anaanza kuwafungua mbuzi kamba warudi nao nyumbani.