Mdoli aliyefunikwa kitenge

Leo bibi mmoja amenikatizia darasa, na sijamkasirikia.

Mimi ni mkunga hapa Bariadi. Nilikuwa nafundisha kwa video wanafunzi wa ng'ambo, kila mmoja na mdoli wake mezani, namna ya kumsaidia kichanga asiyepumua.

Mwisho nikasema: "Huyu tumempoteza. Muwekeni pembeni, tupumzike."

Wakaweka. Mmoja akachukua kahawa yake.

Bibi alikuwa mlangoni, anasubiri mkwe wake ajifungue. Akaingia, akavua kitenge chake begani, akamfunika mdoli wangu.

"Bibi, huyo ni wa plastiki."

"Naona, mwanangu. Ila mama yake mtampelekea hivyo, uchi?"

Nikawatafsiria.

Kisha mmoja mmoja wakainuka kutafuta vitambaa.

Wakunga wenzangu, nyie huwa mnawafunika na nini?