Masanduku ya Mama Bhanu

Mwaka ule wa themanini na tatu ng'ombe wa Nyahanga walikataa kunywa maji ya lambo. Wachungaji walidhani ni uchawi, maana ng'ombe wa Msukuma hakatai maji bila sababu, mpaka mmoja wao akachovya mkono ukatoka na povu. Kuna mtu alikuwa ametumbukiza sabuni humo, katoni juu ya katoni, wakati sisi Kahama nzima tunafulia majani ya mpapai! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Mama Bhanu hakucheka. Alisimama mlangoni mwa duka, ameuma ncha ya sari yake, akaniuliza kama mwenye sabuni amekamatwa.

"Hajulikani," nikamwambia.

"Basi watamtafuta," akasema, akarudi ndani.

Ilikuwa miezi ile ya vita dhidi ya wahujumu uchumi. Redio ilitangaza kwamba anayeficha bidhaa ni adui wa wananchi, na mimi niliitikia amina, kwa sababu nilikuwa sijaonja sukari tangu Krismasi. Malori ya askari na mgambo yalipita barabara ya Shinyanga. Hukujua yanaelekea kwa nani. Ulichojua ni kwamba yalikwenda matupu na kurudi na watu.

Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la mume wa Mama Bhanu, Mzee Praful, kwa hiyo mambo ya nyumba ile niliyaona hata nisipotaka. Na sikuwahi kutotaka.

Jina hasa la Mama Bhanu ni Lataben. Aliletwa Kahama mwaka wa hamsini na tisa, msichana mbichi kutoka mji wa Jamnagar huko Bara Hindi, kuolewa na mwanamume aliyemjua kwa picha tu. Picha yenyewe ilimdanganya, alikuwa akisema, maana ilikuwa na nywele. Alijifunza Kiswahili kaunta, na Kisukuma kidogo cha kuuzia khanga. Aliwasalimu wanawake wa vijijini "mwangaluka, mayu" hata saa kumi jioni, ilhali hiyo ni salamu ya asubuhi. Hatukumsahihisha. Tulikuwa tumeizoea.

Mchana wateja walipopungua alikaa karibu na cherehani yangu akichambua mchele, na hapo ndipo habari za kwao zilipokuja. Alinieleza vumbi la Jamnagar, kwamba ni hili hili letu. Alinieleza akina mama wanaofunga kitambaa fundo moja moja kwa uzi kabla ya kukitia rangi, mpaka kucha zinaisha. Aliwahi kurudi kusalimia, mwaka wa sabini na nne, akakaa kwa kaka yake.

"Nilikuwa mgeni, Mama Donatus. Kila nikiingia chumbani wananipa kiti. Hapa hakuna anayenipa kiti. Wewe unaniambia sogea huko."

"Si unaniziba mwanga!" nikamwambia.

Lakini jambo lililomkaa rohoni lilikuwa mama yake. Waliagana bandarini, hawakuonana tena. Mama alipofariki, kabla ya safari ile ya sabini na nne, habari ilichukua karibu mwezi kufika, na Lataben alipohesabu nyuma aligundua kwamba siku ile ya msiba alikuwa kaunta, anapima kitenge na kubishana na mteja. Hilo lilimtesa. Kwa hiyo alikuwa na ombi moja tu kwa miungu yake yote: mwanawe wa pekee, Bhanumati, aolewe Tabora, au Mwanza, au Shinyanga, mahali popote ambapo basi linaweza kumrudisha. Bahari asiivuke.

Bhanu alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza kidato cha nne, anasubiri nafasi ya kusomea uuguzi Mwanza. Alinisaidia kushona vifungo na alikuwa na mdomo, huyo. Nilimpenda.

Sasa, hao jirani zetu Wahindi wana desturi yao. Mtoto wa kike akizaliwa, mama huanza siku hiyo hiyo kumwekea vitu vya harusi: leo bakuli, mwakani sari, mwaka wa tatu shuka. Vyote huwekwa kwenye masanduku, na hakuna mgeni anayeruhusiwa kuviona mpaka mkesha wa harusi, vinapotandazwa kitandani wakwe waje kutazama. Sisi mali ya harusi yetu hupita barabarani mchana kweupe ikilia moo, na wapita njia wanaihesabu. Nilimtania mara nyingi kwamba Wahindi wanaoa kama wanaoiba. Mwaka ule utani ukaniishia mdomoni. Chini ya kitanda cha Mama Bhanu kulikuwa na masanduku mawili ya bati, ndani yake sari, vyombo, mablanketi mapya, na sabuni za kunukia alizoanza kuziweka mapema alipoona zinaadimika. Mama mwenye akili. Akili hiyo hiyo ndiyo ilikuwa inamtafutia kifungo.

Kisha wakamchukua Fazal wa duka la kona. Walikuta mablanketi juu ya dari. Mkewe Mumtaz aliwalilia kwamba ni ya nyumbani, wakamwuliza ni nyumba gani inayolala kwenye mablanketi yenye nailoni bado. Fazal alipandishwa lori akiwa na kandambili moja mguuni. Hatukuambiwa amepelekwa wapi.

Siku ya pili balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Maganga, alikuja barazani. Alikuwa mtu mwema, tatizo lake ni kusema kweli.

"Shikamoo, Mzee," Mama Bhanu akamwamkia.

"Marahaba, mama. Nasikia una vitu vya harusi ya mtoto. Harusi ni lini?"

"Bado."

"Bwana harusi ni nani?"

"Bado hatujampata."

Mzee Maganga akavua kofia yake, akaiangalia ndani kana kwamba jibu limo humo. "Mimi nakuelewa, tumeishi. Hao watakaokuja hawatoki hapa. Utawaambia vitu ni vya bwana harusi ambaye hayupo? Watacheka kwanza. Halafu watamchukua Mzee Praful."

Na Mzee Praful alikuwa mgonjwa wa kisukari. Kila asubuhi mkewe alimdunga sindano, na dawa yenyewe kuipata ilikuwa shughuli. Rumande wiki moja ingemmaliza, hilo hata mimi nisiyesoma nililijua.

Nikamwambia Mama Bhanu avitupe, kama wenzake wanavyotupa. Alinitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake. Kwao, kutupa vitu vya bibi harusi ni kumzika bibi harusi. Nikamwambia basi avilete kwangu. Mzee Praful, aliyekuwa ndani akisikiliza, akakataa kwa sauti ile yake ndogo, akisema kwamba wakivikuta kwangu nitafungwa mimi, na Donatus wangu atalelewa na nani? Nilishukuru, na niliona aibu kwamba nimeshukuru.

Usiku Mama Bhanu alikuwa hapati usingizi. Mchana, lori likipunguza mwendo barabarani, anasimamisha mkono juu ya mchele. Mbwa akibweka, anamtazama mumewe. Akaanza kukonda, bangili zikawa zinateleza mpaka kwenye kiwiko.

Ndipo likaja jina la Jashvant. Huyu alikuwa mgane wa Mwanza, amefiwa na mke, mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye kitambi na adabu zake. Aliwahi kumposa Bhanu mwaka uliotangulia, Lataben akakataa papo hapo. Sababu haikuwa umri. Jashvant alikuwa amekwisha kupata karatasi za kuhamia Uingereza, mji wa Leicester, kwa ndugu zake, na alitaka kuondoka na mke. Mwingine aliye tayari kuoa mwezi huo huo hakuwepo.

Bhanu aliambiwa uani, nami nilikuwa nyuma ya ukuta nikipiga pasi.

"Mama, unaniozesha kwa sababu ya masanduku?"

"Nakuozesha ili baba yako alale nyumbani."

"Na uuguzi wangu?"

Bhanu alilia siku hiyo na ya pili yake, nikamsikia akisema atakimbia, atakwenda kwa masista wa misheni. Siku ya tatu alimwona baba yake akijifunga mkanda kwenye tundu jipya alilotoboa kwa msumari, amekonda naye. Akasema sawa. Sikupenda jinsi alivyolisema neno hilo.

Katika kalenda yao kuna siku moja katikati ya mwaka ambayo haihitaji kuangaliwa nyota, kila linaloanzwa siku hiyo lina heri. Wakaifunga ndoa siku hiyo. Mkesha wake masanduku yalifunguliwa, vitu vikatandazwa, na kwa mara ya kwanza niliona kazi ya miaka kumi na minane ya mama mmoja imejaa kitanda kizima. Mzee Maganga naye aliitwa aone, akapewa ladu, donge lao tamu la sherehe, akasema mbele ya watu wote kwamba sasa jambo hili lina mwenyewe. Tulipiga vigelegele. Vilitoka vyembamba. Asubuhi ya kuondoka Bhanu alinikumbatia na kuniambia nimwangalie mama, kisha gari likashika njia ya Mwanza. Baada ya muda si mrefu tukasikia wamepanda ndege ya Uingereza.

Haukupita muda, mchana wa jua kali, Landrover ya serikali ikasimama mbele ya duka. Askari wawili nyuma, bunduki magotini. Mguu wangu uliganda kwenye pedali. Mzee Praful alitoka mwenyewe, ameshavaa koti, kamwachia mkewe funguo kaunta. Alikuwa amejiandaa, maskini.

Dereva akateremka akinyoosha mgongo. "Shikamoo, mzee. Tunaomba maji ya rejeta. Inachemka."

Mama Bhanu ndiye aliyeleta ndoo. Akamwuliza dereva, sauti kavu, kama wataanzia duka hili au lile la jirani.

"Kuanza nini, mama? Sisi tunakwenda Kharumwa. Kahama tulishamaliza zamani. Tangu yule wa mablanketi, hapa mjini hatukuagizwa nyumba nyingine."

Alimimina maji, akashukuru, wakaondoka. Mzee Praful alikaa kwenye gunia, akawa anacheka na kufuta macho, anasema Mungu mkubwa. Mkewe alibaki amesimama juani na ndoo tupu. Nilimwita aje kivulini, hakusikia. Nilimfuata, nikamshika kiwiko.

"Mama Donatus," akasema, "huko kwa Bhanu sasa hivi ni saa ngapi?"

Nilimwambia sijui.