Chupa ya Ngano kwa Mzee Njuguna

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuza hata soda. Supavaiza wa baa ya hoteli pale Kajiado mjini alinisimamisha nyuma ya kaunta, akaniambia nitoe mikono. Alikuwa mama mrefu, mkavu, aliyefanya kazi kwenye hoteli kubwa za Nairobi kabla ya kuja kwetu vumbini. Nilidhani anakagua kucha. Kumbe alikuwa na wiski kwenye kifuniko, akanidondoshea kiganjani.

"Sugua," akasema. "Halafu nusa, uniambie hiyo kitu ilitoka shamba gani."

Nikasugua, nikanusa, nikamwambia inanuka pombe. Alicheka akashika kaunta. Kisha akanifundisha jambo ambalo limenilisha maisha yangu yote: ile harufu kali inayokuja kwanza ni spiriti, nayo ni kama mgeni mwenye kelele, huwa wa kwanza kutoka. Ukisugua viganja anaondoka zake, na wanaobaki ndio wenye nyumba: nafaka yenyewe na mbao za pipa ilimolala. Nikanusa tena. Haki, nikasikia shayiri iliyookwa, kama jikoni kwa mtu anayekaanga njugu.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Nilikuwa nimemfuata mume wangu kutoka Bungoma, yeye akiwa ameajiriwa ofisi ya mifugo. Habari zilipofika nyumbani kwamba bibi wa kijana wao anauza pombe Umasaini, mama mkwe alifunga safari kuja kuniona. Nikamkaribisha, nikampikia, akala akashiba, ndipo nikamwambia kwamba Bwana Yesu mwenyewe alitengeneza divai na hakuna mtu alimfukuza arusini. Mimi ni Mkatoliki, hilo somo nalijua. Alikasirika kidogo, halafu akaongeza mchuzi.

Supavaiza hakuwa mtu wa sifa. Ukifanya vizuri alinyamaza. Ukifanya vibaya jirani walijua. Alikuwa na sheria moja aliyotuimbia kila asubuhi tukipanguza chupa: usimuulize mteja anataka nini, kwa sababu hajui. Muulize ni nani atakunywa, na ataketi na nani. Nyinyi vijana wa siku hizi mnauliza tu "kubwa ama ndogo?" na mnaita hiyo kazi.

Mwenye hoteli, ambaye sote tulimwita Mkurugenzi, alikuwa Mmasai mwenye ardhi kubwa, mtu wa hasira za haraka na moyo mwepesi. Kitengela ilipoanza kujaa watu waliopanga huko na kufanya kazi Nairobi, alifungua duka la pombe za chupa kando ya barabara ya Namanga, akanihamisha kulisimamia. Nilifurahi. Baa ni kelele, lakini dukani mtu anakuja na shida yake, mnaizungumza. Niliwauzia walimu, mapolisi, wauzaji wa ploti, wazee wa posa waliotaka chupa ya kufungulia mazungumzo. Wateja wakanisifu, nami nikakumbuka kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikaendelea kunusa viganja vyangu kila mzigo ulipoingia.

Mzigo mmoja, tukiwa tumeingia miaka ya elfu mbili, ulikuja na chupa mbili ambazo hakuna aliyeziagiza. Ilikuwa bourbon, wiski ya Waamerika. Wengi hudhani wiski zote ni ndugu wa tumbo moja. Bourbon hutengenezwa hasa kwa mahindi, halafu hulazwa kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani kwa moto, ndiyo maana ina ule wekundu na utamu wa sukari iliyoungua. Lakini mahindi hayaendi peke yake. Mara nyingi huongezewa nafaka iitwayo rai, nayo ina ukali unaochoma koo kama pilipili manga. Wachache huondoa rai wakaweka ngano. Hiyo ya ngano ni pole, inateremka taratibu. Hizi mbili zilikuwa za ngano. Mkurugenzi alizitazama mara moja tu, akachukua moja akaweka ofisini kwake nyuma ya duka. Hiyo, akasema, ni ya siku atakapotimiza miaka sitini, na mtu asiiguse. Ya pili nikaipanga rafu ya juu, mbali na jua la dirishani.

Basi mchana mmoja akaingia kijana mwenye kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi. Akanunua soda, akainywa hapo hapo. Akanunua nyingine. Nikamwambia, "Baba, hapa hakuna mtu atakucheka. Sema."

Aliitwa Mwangi, mhasibu wa Nairobi, amepanga nyuma ya soko. Alikuwa ameokoka, tena wokovu ule wa mbiombio. Miaka michache kabla, kwenye sherehe ya mahari ya dada yake huko kwao Illasit, baba yake Mzee Njuguna alimpa kikombe cha pombe ya asali mbele ya wazee. Kijana, badala ya kukipokea na kukipitisha kwa jirani kama watu wengine waliookoka wanavyofanya, alisimama akaimwaga chini, akasema ni ya shetani. Wazee wakainuka. Mzee Njuguna hakumpiga wala kumlaani. Alimwambia tu kwamba siku utakayoniletea kinywaji kwa mkono wako, na ukionje mbele yangu kama mtoto anavyomwonjea baba yake, siku hiyo nitajua niko na kijana. Tangu hapo hawakuzungumza.

Sasa ndugu zake walikuwa wamepanga kumfanyia mzee sherehe ya miaka sabini. Na Mwangi alikuwa amepata mtoto wa kiume, kifungua mimba, na kwa desturi ya Wakikuyu mtoto huyo ni Njuguna, jina la babu yake. Mtoto alikuwa ameanza kutembea na babu hajawahi kumshika. Hapo Mwangi akajifanya anasoma karatasi ya chupa ya soda.

"Mzee wako anakunywa nini?" nikamuuliza.

Akasema pombe ya asali tu. Za chupa alikuwa ameziacha kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Kitu kikali kikimgusa koo anakohoa mpaka anaweka glasi chini. Hapo ndipo niliona shida yenyewe, na ilikuwa kubwa kuliko alivyojua yeye. Mzee akikohoa na kuweka glasi chini mbele ya wazee, hakuna atakayesema ni vidonda. Watasema amekataa, na kinywaji kilichokataliwa hakirudishwi mara ya pili. Na huyu Mwangi ambaye hajawahi kuonja kitu, akikunja uso, watasema bado anadharau. Makoo mawili, chupa moja.

Nikainua macho rafu ya juu. Lakini ningejuaje kwa hakika? Ile chupa nilikuwa nimeisoma tu, sijaionja. Na kuifungua haikuwezekana. Chupa ya kumpa mzee lazima ivunjwe muhuri na mkono wake mwenyewe. Ukipeleka iliyofunguliwa unatafuta maneno ya uchawi. Mwangi naye alipendekeza tuimimine kwenye thamosi ili watu wa kanisa wasione. Nilimwambia akirudia neno hilo nitamfukuza.

Nikampigia Mkurugenzi simu, nikamwomba tufungue yake. Alinguruma mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Aliuliza ni nani huyo kijana, kwani ni mkwe wake? Nikamweleza habari yote, polepole. Halafu akauliza mtoto anaitwa nani. Nikamwambia.

"Mama," akasema, "mwanaume mwenye hajabarikiwa na baba yake anatembea uchi hata akivaa suti. Fungua. Lakini usinimalizie."

Nikaifungua. Nikadondosha kiganjani, nikasugua, nikanusa. Spiriti ikaondoka haraka, bila ugomvi. Ikabaki harufu ya mahindi mabichi yaliyochomwa, na nyuma yake mkate. Nikaonja: ikapita kooni kama uji uliopoa. Nikamwekea Mwangi tone moja kwenye kijiko na maji kidogo, maana maji hulegeza wiski, nikamwambia hii ni dozi, hata daktari wako angekupa. Akafumba macho akameza. Akayafungua akashangaa kwamba bado yuko duniani. Nikamfundisha kuishika mdomoni kidogo kabla ya kumeza, na kupumua kwa pua, ili uso usikunjike. Chupa ya rafuni, ikiwa na muhuri wake, nikaifunga kwa shuka jekundu.

Akaniomba niende naye. Alisema hataweza akiwa peke yake. Mimi nami, sitadanganya, nilitaka kuona.

Tulifika Illasit mchana wa Jumamosi. Mbele ya nyumba kulikuwa na hema, keki, kwaya na mchungaji. Nyuma, karibu na ghala la mahindi, wazee walikuwa wameketi kwenye viti vyao, na Mzee Njuguna katikati, mtu mwembamba mwenye mikono ya mkulima, vidole vimepinda. Mke wa Mwangi akasimama kando ya ghala na mtoto mgongoni. Niliona mzee amemwona yule mtoto. Alimtazama, kisha akatazama mahindi.

Mwangi akapiga magoti, akatoa chupa kwa mikono miwili. Mzee akaigeuza, akavunja muhuri taratibu, akanusa mdomo wa chupa.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya mahindi, Baba," Mwangi akasema. "Na ngano kidogo."

Mzee akanusa tena, kwa muda mrefu. Huyo ni mtu aliyelima mahindi tangu ujana wake, harufu yake haiwezi kumdanganya. Akamimina kidogo kwenye glasi, akampa Mwangi. Mimi nilikuwa nimeshika rozari yangu ndani ya mkoba. Kijana akaonja, akaishika mdomoni, akapumua kwa pua, akameza. Uso wake ukabaki uso. Machozi yakamtoka, lakini hayakuwa ya pombe, na kila mtu aliyekuwa pale alijua.

Mzee akachukua glasi ile ile. Akanywa. Nikangoja kikohozi. Nimeuza chupa miaka mingi, lakini sijawahi kungoja koo la mtu namna hiyo. Koo likapanda, likashuka. Hakukohoa. Kisha akanywa tena, na mzee mmoja pembeni akaachia pumzi kwa sauti.

Mzee Njuguna akamrudishia Mwangi glasi, ikiwa imebaki kidogo chini.

"Siku ile ulimwaga ukiwa umesimama," akamwambia. "Leo mwaga ukiwa hapa karibu nami. Hiyo ni ya waliotutangulia."

Mwangi akamwaga polepole, pale pale mchangani mbele ya miguu ya baba yake. Mzee akamtazama mpaka tone la mwisho. Halafu akanyoosha mikono yake yenye vidole vilivyopinda kuelekea ghalani, akasema, "Sasa nileteeni Njuguna."

Mtoto alilia sana, alikuwa hamjui. Mzee hakujali. Alimshika kifuani, akamtemea baraka viganjani kama wazee wa kwao wanavyofanya, akamwita kwa jina lake mara nyingi, na mimi nikalia nikasahau kwamba nilikuja kikazi. Mchungaji, alipokuja kutazama kilichochelewesha keki, aliona babu amembeba mjukuu na hakuuliza harufu ni ya nini. Huyo mchungaji alikuwa na akili.

Nilifanya kazi hapo Kitengela miaka mingine kadhaa. Supavaiza alistaafu kabla yangu, akarudi kwao, na siku ya kumuaga nilimdondoshea wiski kiganjani nikamuuliza ilitoka shamba gani; akajibu bila hata kusugua. Mkurugenzi alitimiza sitini, akamalizia chupa yake iliyofunguliwa, akalalamika mbele ya wageni wote kwamba mimi ndiye niliyeionja kwanza. Nilipostaafu mimi, wakanipa kiti cha kukunja na hotuba ndefu. Nikaenda Kisaju, tulikokuwa tumenunua shamba dogo.

Vijana hunifuata huko wakiniuliza: Mama, babangu anatimiza sabini, chupa gani ni nzuri? Huwa siwatajii chupa. Nawauliza mzee ataketi na nani, na kama kuna mtu anapaswa kupiga magoti. Wengine hucheka. Wengine huketi chini kwenye kile kiti cha kukunja wakaanza kueleza, na hapo najua tuko kazini.

Mzee Njuguna aliishi miaka mingine mingi, akaona Njuguna mdogo akienda shule. Alipofariki, Mwangi alinitembelea akaniletea kitu alichosema mzee aliniachia. Ilikuwa ile chupa. Mzee aliinywa mpaka ikaisha, kidogo kidogo, kila mjukuu alipokuja kumwona, halafu akaifanya chupa ya mbegu, kama wakulima wa kule wanavyofanya: akaijaza mahindi yake aliyochagua mwenyewe, akachanganya na jivu wadudu wasiingie, akaifunga kwa kizibo kile kile.

Nikafungua, nikamimina punje chache kiganjani, nikasugua jivu likatoka, nikanusa. Mvua ilipokubali, nikazipanda.