Debe la Ulanzi na Lori la Pareto

Anania Mgaya alikuwa na miaka arobaini na mmoja, binti yake Fidelia ameshaolewa Matembwe, na bado aliitwa boi. Turniboi. Miaka kumi na moja alikuwa mtu wa kuruka chini na kutia gogo nyuma ya tairi kila lori liliposhindwa mlima, mtu wa kuzungusha hendeli ya kuwashia injini asubuhi za baridi ya Njombe mpaka bega likalia ko! Tarsis, dereva, hukaa ndani na kofia yake, anapiga honi kutisha kuku wa watu.

Kuendesha, Anania alijua. Msibishe. Siku Tarsis alipokuwa na homa, nani alilirudisha lori kutoka Makambako na magunia yote? Lakini leseni hakuwa nayo, na bila leseni wewe ni mtu wa gogo tu.

Lori lenyewe lilibeba pareto iliyokaushwa kutoka shamba la mzungu mmoja, nje kidogo ya Njombe, mpaka ghala la Makambako. Pareto haipendi mvua, basi mzungu akalijengea sanduku la alumini, bati lile lile la sufuria, halikupakwa rangi. Lilipoletwa mwaka wa arobaini na tisa, ng'ombe walilikimbia kwa kung'aa kwake. Kufika masika ya hamsini na nne lilikuwa la kijivu kama tumbo la kambale, lina madoa, na tope jekundu limeingia kwenye kila ribiti, zile pini za kuungia bati.

Mzungu huyo watu walimwita Bwana Mluzi, kwa kuwa hakuita mtu jina. Alipiga mluzi, ukaja. Jumatatu alipiga, Anania akaja.

"Sikia, boi. Gari mpya nakuja, Tarsis takwenda kule. Hii ya zamani nataka dereva. Jumamosi mimi taleta wageni ya serikali Makambako. Gari nang'aa, mimi naandika barua, wewe nakwenda polisi kwa leseni. Gari chafu, natafuta mtu ingine. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana."

"Na pombe hapana! Mtu ya pombe mimi napiga teke mpaka mto ya Ruhuji."

Hapo ndipo palipouma. Dereva wa kwanza wa shamba alilitumbukiza lori mtoni akiwa amelewa, na Anania mwenyewe, ujana wake, alikuwa bingwa wa vilabu. Kanisa lilimtenga miaka miwili. Tangu mchungaji alipompokea tena mezani pa Bwana hakuonja hata tone, na huo ulikuwa mwaka wa kumi. Lakini watu husahau wema wako kesho yake. Ulevi wako wanausimulia mpaka kwa wajukuu.

Bwana Mluzi akampa Tarsis kopo la dawa ya kung'arishia, la kizungu, lina picha ya simba. Kopo lile Anania hakuliona tena. Kuna mama mmoja Makambako sufuria zake zilianza kumeremeta juma lile, na mume wake hakuwa Tarsis. Yatosha.

"Kaka, dawa iko wapi?" Anania aliuliza Jumatano.

"Imemwagika njiani. Sugua na akili yako, Mbena wewe. Si unataka udereva?"

Basi Anania akatumia akili. Nyumbani mkewe Esteria alifulia kwa maji ya majivu, na mashuka yake yalitoka meupe kama ya hospitali ya misheni. Alhamisi Anania akachuja majivu ndoo mbili, mazito, yanateleza vidoleni, akapaka ubavu mmoja wa lori, akangoja. Alumini haikuwa shuka. Ikatoa povu, ikageuka nyeusi! Nyeusi kama chungu cha msibani.

Tarsis, ambaye hakuuliza kilichopakwa, alicheka mpaka akashika magoti. "Umelivisha lori eda!"

Ijumaa wakashusha mzigo Makambako, lori likabaki pale kungoja wageni. Anania alikaa kwenye ngazi yake ameshika kichwa. Ng'ambo ya barabara Beatrisi alikuwa akiuza ulanzi, pombe ya mianzi ambayo masika hutiririka kama haina mwenyewe.

"Kamwene, baba Fidelia. Nani amekufa?"

"Lori, dada."

Beatrisi akaja, akapapasa bati. "Ndiyo hili tu? Sufuria yangu ilikuwa hivi hivi. Nikasahau ulanzi ndani siku nne, ukachacha mpaka unachoma pua. Nilipoumwaga, ndani kweupe!"

"Mimi sigusi ulanzi, dada. Unajua."

"Nani amekwambia unywe? Mnyweshe mzee huyu." Akalipiga lori kofi.

Akampa debe zima lililochacha, lisilouzika. Anania aliloweka magunia, akayabandika bavuni, akayaacha yakae, kisha akasugua kwa kipande cha blanketi na udongo mweupe wa kupakia nyumba. Weusi ukaanza kukimbia. Hapo mkono wa mtu ulisahau kuchoka. Alisugua mpaka jioni, na alfajiri akaanza tena, ribiti kwa ribiti, huku mvua ya rasharasha ikimlowesha na ulanzi ukimshuka toka kwapa hadi magotini. Nguo nyingine hakuwa nayo. Saa mbili asubuhi akaona sura yake mwenyewe ubavuni mwa lori, ina meno yote, inacheka.

Saa mbili na nusu Bwana Mluzi akafika na wageni wake wawili. Akalizunguka lori, akainama, akajitazama, akachana masharubu kwa kidole.

"Nani nafanya hii?"

"Mimi, bwana," alisema Tarsis, kofia mkononi. "Na ile dawa yako ya kopo. Huyu alinisaidia maji."

Anania alimwachia. Barua ndiyo aliyoitaka, si sifa. Sifa chukua wewe, kaka.

Bwana Mluzi akapiga mluzi. Anania akasogea. Bahasha ilikuwa tayari mfukoni mwa koti la mzungu, ncha yake imetokeza. Mkono ukaifuata, kisha pua ikakunjamana.

"Wewe nalewa!"

"Sijanywa, bwana. Ni ulanzi wa kuoshea gari."

Wageni wakaangua kicheko. Bwana Mluzi hakucheka. "Gari nakunywa pombe? Tarsis! Ninyi naosha na nini?"

Tarsis alitazama lori, akatazama kofia. Akisema ulanzi, ataulizwa kopo. "Dawa ya kopo, bwana. Ya huyu mimi sijui. Zamani alikuwa mnywaji."

Beatrisi hakuvumilia. Alivuka barabara na kata yake mkononi, akapaza sauti: "Bwana, anasema kweli! Nilimpa mimi, debe zima!"

"Debe nzima?" alisema Bwana Mluzi, na bahasha ikarudi ndani mpaka ncha ikapotea.

Nahumu, dereva kutoka Matamba, akapewa lori la zamani.

Jioni ile Anania alipofika kwake, Esteria alikuwa mlangoni. Hakuuliza habari za barua. Alinusa, akatazama chini, akaingia ndani, akaleta chakula. Anania aliapa kwa jina la Fidelia. Mke akasema, "Kula, kinapoa."

Mwezi wa sita, mvua zimekwisha na mianzi imekauka, lori jipya la Tarsis, sanduku lake alumini vilevile, nalo likaanza kufifia. Bwana Mluzi akaamuru ling'ae kama lile la kwanza. Tarsis alimfuata Anania nyuma ya ghala, sauti ya chini.

"Kaka yangu, mambo ya kale tuyaache. Ulanzi sasa haupatikani. Ulisugulia na nini kingine?"

"Si ulisema dawa ya kopo?"

"Kaka, tafadhali."

Anania akajifuta mikono kwa kipande cha blanketi.

"Maji ya majivu," akasema. "Mazito. Pande zote nne, na uyaache yakae kutwa."

Kesho yake lori jipya lilikuwa jeusi pande zote, na Bwana Mluzi hakupiga mluzi. Alimwita Tarsis kwa jina, na lilisikika mpaka barabarani. Tarsis akafukuzwa, Nahumu akahamishiwa lori jipya, na la zamani akaletewa dereva kutoka Iringa, kijana wa miaka ishirini na mbili.

"Boi," kijana akasema, "zungusha."

Anania akachukua hendeli.