Almasi Yangu ya Mkolani

Mimi kushangaa niliacha zamani. Mtu aliyeanza kubeba magunia ya dagaa pale Igogo hana hata ndala, akaishia darasa la tano, na leo ana Fuso mbili (moja inatembea), huyo mtu utamshangaza na nini? Nimeona mzigo wangu wote ukilowa mvua, nikala ugali nikalala. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba Jumamosi ile ya posa ya binti yangu nilitamani ardhi ipasuke inimeze na viatu vyangu, muelewe halikuwa jambo dogo. Nimechoka kusimuliwa aibu yangu na watu ambao hawakuwepo, kila mmoja anatia chumvi yake, juzi hapa nimesikia eti nilikamatwa. Sikukamatwa. Nasema mwenyewe mara moja, halafu mniache nipumzike.

Tunaishi Mkolani, nyumba inayotazama barabara kubwa. Nyumba ni ya Mama Kulwa, mjane mpole ambaye yeye mwenyewe anakaa chumba cha uani, na sisi tumepanga ile ya mbele (ya kwangu ipo, imefika kwenye lenta, bado kuezekwa, msicheke). Kupanga si tatizo. Tatizo ni kwamba Neema, mtoto wangu wa kwanza, alipata mchumba kutoka Sengerema, na siku mshenga wao aliponipigia kuuliza wafikie wapi, mimi nikamjibu, "Njooni kwangu Mkolani, kando ya barabara, geti jeusi, kila mtu anapajua." Sikusema nyumba ni yangu. Nilisema kwangu. Ila nilivyolivuta lile "kwangu", hata mimi nilijisikia kama nina hati kabatini.

Hapo ndipo rangi zilipoanza. Nyumba za kupanga mnazijua, kuta zote rangi ya maziwa yaliyochacha, ukiingia huwezi kujua anakaa mwalimu au anakaa muuza mkaa. Nikasema hapana, wakwe wakiingia waone hapa anakaa mtu. Nikaenda uani kuomba ruhusa, Mama Kulwa akaniambia, "Ndani paka utakavyo, Baba Neema. Nje uniachie." Basi sebuleni nikapaka ukuta mmoja zambarau na tatu machungwa, nikafunga mapazia ya dhahabu, chooni nikaweka kijani kama shamba la migomba, na juu ya televisheni nikachora sangara kwa mkono wangu mwenyewe (mke wangu akauliza huyo nguruwe mapezi kayatoa wapi). Nikawa nikitoka kazini nakaa kwenye kochi naitazama tu ile sebule, naona kabisa kwamba nimefika.

Jumamosi yenyewe wageni walitegemewa saa nane mchana. Asubuhi nikakuta rangi nyekundu imebaki nusu kopo. Nusu kopo tu, jamani. Mtu mwenye akili angelifunika akalisukuma chini ya kitanda. Mimi nikaona isipotee, na ukuta wa mbele, ule ulio kati ya mlango na dirisha, ukawa kama unaniita. Kwenye simu nilishaona nyumba ya watu imechorwa almasi safu nzima, inang'aa, na almasi si kazi ngumu: unapiga mstari unaoshuka huku, unapiga mwingine unaoshuka kule, unahamia pembeni unarudia hivyo hivyo, na pale mistari inapokutana almasi zinatokea zenyewe.

"Baba Neema, nje tulikatazwa," mke wangu akasema, sufuria la wali mkononi.

"Mama Kulwa akiiona atatupunguzia kodi."

"Haya."

(Mke wangu akisema haya kwa sauti ile, ujue ameshanawa mikono.)

Nikapiga mstari wa kwanza, mnene, umenyooka, kutoka chini ya bati hadi kwenye msingi. Nikapiga wa pili, wa kushuka kule. Rangi ikaisha.

Sasa mtaniuliza, wewe mzee, miaka yote hiyo unapita barabara hii, hujawahi kuona nyumba iliyopigwa X nyekundu? Nimeziona. Nimeona X, nimeona na tingatinga likija baada ya X, na watu wakikaa juu ya magodoro yao kando ya kifusi. Lakini mtu anayechora almasi haoni X. Anaona nusu ya almasi. Nikarudi nyuma hatua chache, nikaipenda, nikapanda bodaboda kwenda mjini kutafuta kopo lingine.

Mjini nikachelewa. Nyekundu ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa imepauka, ya pili ilikuwa damu ya mzee kabisa, nikazunguka, kisha ile Fuso inayotembea ikaacha kutembea pale Igogo nikalazimika kupita, na simu ikazima chaji. Nyumbani wakipiga hawanipati. Saa saba na kitu ndiyo nakaribia Mkolani, kopo begani kama kombe, na kwa mbali naona watu wamejaa mbele ya nyumba, wote wameutazama ukuta wangu.

Niseme ukweli wangu: nilifurahi. Nilimwambia wa bodaboda anishushe pale pale nimalizie kwa miguu, tena taratibu, waone mwenye kazi anakuja.

Wa kwanza kunifikia alikuwa mama muuza vitumbua. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, Baba Neema. Pole sana."

Sasa kwetu mtu akikukuta na jembe au brashi lazima akupe pole, ni heshima ya kazi hiyo. Nikajibu kwa kifua, "Asante, tumeshapoa. Ila bado, hiyo ni moja tu."

"Moja tu?"

"Nyingine zinakuja leo leo. Zitafika mpaka pale kwa Shija. Ningekuwa na uwezo ningepiga mtaa mzima, pakapendeza!"

Mama wa vitumbua akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Nikatazama upande wa Shija, kinyozi, ambaye kibanda chake kimegusana na ukuta wetu, nikamwona yuko juu ya paa lake na nyundo, anang'oa mabati, mengine ameshayatupa chini yamejikunja, na mteja wake amesimama kando na kitambaa shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

"Kumbe umejiunga nao!" Shija akapiga kelele kutoka juu.

"Nao kina nani?"

"Hao waliopiga X! Wamesema mita ngapi? Tingatinga linakuja lini? Watu tuna familia hapa, Baba Neema, na wewe unachekelea!"

Ndugu zangu, X. Neno lenyewe dogo. Nikageuka kuutazama ukuta, na ile nusu almasi yangu ikanitoka machoni, sikuiona tena, hata leo nikijitahidi siioni, ilibaki X, nyekundu, nene, imenyooka kuliko zile za serikali.

Ningeweza bado kujiokoa. Ningeweza kuinama niingie ndani kimya. Lakini mlango ulikuwa wazi, na mlangoni walikuwa wamesimama wakwe. Walivuka na kivuko cha mapema, wakafika kabla ya saa yao, na badala ya vigelegele wakapokewa na kilio. Mbele yao alikuwa mshenga, Mzee Lutonja, kofia mkononi kama mtu aliyefika msibani, na nyuma yake shangazi wa kijana, mkoba ameshauvaa begani. Ndani nikasikia Neema analia, na mama yake, ambaye alirudi jikoni kabla sijapiga hata mstari na akaamini ni X ya serikali, anambembeleza.

Nikafungua mdomo nisalimie. Hapo bodaboda ikasimama nyuma yangu na Mama Kulwa akashuka kabla haijatulia, kanga imemfunguka, ametolewa mazoezini kwenye kwaya. Akauona ukuta. Akashika kichwa.

"Nyumba yangu! Nyumba aliyoniachia marehemu! Mimi nitakwenda wapi, jamani, nitakwenda wapi!"

Mzee Lutonja akanitazama. Akamtazama Mama Kulwa. Akalitazama geti jeusi ambalo kila mtu analijua.

"Nyumba yake?" shangazi akauliza, si kwa sauti ndogo.

Wakati huo Shija alikuwa ameshashuka paani kwake na ananitazama mikono. Na mimi mikono yangu ilikuwa nyekundu mpaka kwenye kiwiko.

"Baba Neema," akasema polepole, "hiyo ni nini?"

Mama Kulwa akaacha kulia. "Ni wewe?"

"Ni almasi, Mama Kulwa."

"Almasi?"

"Nusu yake."

Aliyeanza kucheka ni yule wa nusu kichwa. Akafuata wa bodaboda. Kisha mtaa mzima, mpaka mama wa vitumbua akawa anajipigapiga mapaja kwenye vumbi lile lile. Hawakucheka watatu tu: Shija, aliyekuwa anatazama mabati yake, Mama Kulwa, aliyekaa kwenye ngazi anapumua kwa shida akapewa maji, na shangazi wa kijana. Shangazi alisema, "Twendeni tukawahi kivuko. Sisi tumekuja kuposa, tumekuta baba mzima anapiga X nyumba za wajane na kusema ni kwake."

Nikamsikia Neema ndani amenyamaza. Kulia kwake ningekuvumilia, kule kunyamaza sikukuweza. Nikaweka kopo chini, nikapiga magoti mbele ya Mama Kulwa nikamwomba radhi watu wote wakiona, mimi wa Fuso mbili, kisha nikasimama nikamgeukia mshenga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mimi hapa ni mpangaji. Niliposema kwangu nilikuwa namaanisha ninapolala."

Ni sentensi fupi, lakini sijawahi kubeba gunia zito kama lile. Mzee Lutonja akavaa kofia yake taratibu. Akamwambia shangazi aushushe mkoba.

"Hatukuja kuoa nyumba," akasema. "Tumekuja kuoa Neema. Ila mnajua taratibu: anayekosea kwenye posa anapigwa faini, na siku zote tunaokosea huwa ni sisi wageni, tunatozwa hata cha kuvua viatu. Leo kakosea mwenyeji. Hatufungui mdomo mpaka baba wa binti alipe. Mbuzi mmoja, na huyu mama atulizwe kwa kitenge."

Vigelegele vikapigwa, na wa kwanza kuvipiga alikuwa mke wangu. Nilisikia kabisa vya kwake vimezidi.

Neema ameolewa, anakaa Sengerema, ana raha zake. Mimi nimebaki na ukuta. Nyekundu ile niliifunika kwa nyeupe ikawa waridi, nikaifunika tena ikazidi kuwa waridi, nikatafuta fundi akapaka nyumba yote nje rangi ya maziwa yaliyochacha, na bado jua la jioni likipiga pale X inajitokeza, na watoto wakipita wanaita, "Almasi!" Hata nyumba yangu ikipanda kutoka kwenye lenta, brashi sishiki tena. Mbuzi, kitenge, mabati ya Shija, dawa ya presha ya Mama Kulwa, rangi, fundi, na nauli ya yule wa nusu kichwa kwenda kumaliziwa kwa kinyozi mwingine: nusu kopo ile ambayo sikutaka ipotee ilinigharimu laki saba, themanini na tatu elfu na mia tano.