Siku Mpunga Ulipommeza Neema

Mpunga mkavu una harufu yake, na aliyekulia Mofu hahitaji kuelezwa. Ni harufu ya vumbi na jua kwa pamoja, inawasha pua, halafu inaganda kwenye nguo hata ukifua kwa sabuni ya kipande. Kila baada ya mavuno nyumba yetu nzima ilinuka hivyo, kuanzia mikeka hadi madaftari yangu ya shule, kwa sababu kihenge cha baba kilisimama hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni. Kilikuwa kihenge cha kizamani, kirefu kumzidi mtu mzima, kimesukwa kwa fito, kimekandikwa udongo, kimeinuliwa juu ya magogo ili panya wapate tabu. Juu kilikuwa na kifuniko cha nyasi. Chini, usawa wa kiuno changu, kulikuwa na tundu lililozibwa kwa gunia kuukuu. Ukilivuta lile gunia, mpunga unamiminika wenyewe kwenye ndoo.

Mwaka ule nilikuwa darasa la tano, na nilikuwa mjuaji kupita kiasi. Nasema mwenyewe kabla ndugu zangu hawajanisemea. Mwalimu wetu wa sayansi aliingia darasani na jiwe, chupa ya maji na puto. Jiwe ni yabisi, alisema, lina umbo lake popote utakapoliweka. Maji ni kimiminika, yanatiririka na kufuata umbo la chombo. Hewa iliyo ndani ya puto ni gesi, inaenea kila mahali inapopata nafasi. Akauliza nani ana mfano mwingine wa kimiminika. Nilinyoosha mkono mpaka nikainuka kwenye dawati, nikajibu kwamba ni mpunga. Darasa likaangua kicheko. Nikajitetea: si tunaumimina? Ukiutia kwenye debe si unakaa kama debe, na kwenye ndoo kama ndoo? Mwalimu hakucheka. Aliokota punje moja sakafuni, akaiweka mezani, akaniambia niimimine. Punje ikakaa palepale inaniangalia. Basi mpunga ni yabisi, akasema, nami nikakaa nimenywea. Wiki nzima wenzangu waliniita Mama Kimiminika.

Jumamosi iliyofuata mama alinituma nitoe mpunga wa kupeleka mashineni. Nikavuta gunia, mpunga ukatoka ndoo mbili, halafu ukakwama. Kwetu dawa ya hilo ilijulikana: mtoto mwepesi anapandishwa juu ya kihenge, anaukanyagakanyaga mpunga, unashuka. Miaka ya nyuma mtoto huyo nilikuwa mimi. Sasa nilikuwa nimekua, kwa hiyo zamu ilikuwa ya Neema, mdogo wangu wa miaka sita. Nilimpandisha kwenye ngazi, akachungulia ndani, akasema anaogopa, atazama. Hapo ujuaji wangu ukapata mwanafunzi.

"Huwezi kuzama," nilimwambia. "Mpunga ni yabisi, kama jiwe. Simama katikati, urukeruke."

Akaniamini. Nilishuka, nikaingiza kijiti kwenye tundu na kuchokoa, huku namsikia juu akihesabu anavyoruka. Alipofika nne, mpunga ulifunguka kwa kishindo na kunimwagikia miguuni. Nikafurahi, nikakinga ndoo. Nilisubiri tano, sikuisikia. Nikamwita, kimya. Nikapanda ngazi mbiombio, na kule juu niliona shimo limedidimia katikati kama faneli, mpunga unateremka kutoka kila upande, na Neema hayupo. Kilichoonekana ni mkono wake mmoja, na vidole vilikuwa vinacheza.

Sijui akili ile niliipata wapi. Nilielewa tu kwamba kinachotoka chini ndicho kinachomvuta. Sikumshika mkono. Niliruka chini, nikalikumbatia lile tundu, nikalikandamiza kwa tumbo langu mpaka mpunga ukaacha kutoka, ndipo nikapiga yowe. Baba alikuwa nyuma ya nyumba anaziba pancha ya baiskeli. Alifika mbio, akanitazama mimi, akatazama ngazi. Alichukua jembe akapasua ukuta wa kihenge ubavuni, upande huu na upande ule, na mavuno yetu ya msimu mzima yakamwagika uani. Neema akatoka nayo. Alikuwa mweupe kwa vumbi, kiganja kimoja amejiziba nacho mdomo, na kwa muda ambao mpaka leo sijui niupime vipi, hakupumua. Kisha akakohoa. Akatema punje, akakohoa tena, akalia kwa sauti nene ambayo sikujua anayo. Nilikaa chini kwenye mpunga nikalia pia, kwa furaha ambayo sijapata kuwa nayo tena, hata siku nilipojifungua.

Jioni baba alituelezea kwa upole. Mpunga ulikuwa umeshikana juu kwa unyevu na kuacha uwazi chini, Neema akavunja dari. Punje haizamishi mtu, alisema, lakini punje nyingi zikipata njia zinakwenda kama mto. Na kilichomwokoa ni kiganja chake mdomoni, pamoja na hewa iliyobaki katikati ya punje. Alipouliza nani alimpandisha mtoto, nilisema alipanda mwenyewe.

Uongo huo nilitembea nao miaka zaidi ya ishirini. Leo ukienda Mofu vihenge vya namna ile huvioni, mpunga unakaa kwenye mifuko ndani ya nyumba, na watoto hawapandishwi popote. Mimi ninaishi Kibaoni, Neema ameolewa Lupiro. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia mama. Tulikuwa tunapepeta mchele, nikashindwa kuvumilia, nikamwambia yote: kwamba Neema nilimpandisha mimi, na maneno niliyomwambia.

Mama hakuacha kupepeta. "Nilikusikia," alisema. "Nilikuwa jikoni, nikasikia kila neno."

"Sasa mama, mbona hukunizuia?"

"Nilijua hazami. Mimi pia nilipandishwa hivyohivyo nikiwa mdogo." Akauweka ungo chini. "Nimekaa miaka yote hii nangoja unilaumu."

Nilimshika mikono, imejaa vumbi la pumba, na tukakaa hivyo, kila mmoja akipumua kama aliyetuliwa gunia kichwani. Tukaona haiwezekani kuishia sisi wawili. Tukampigia Neema simu, tukanyang'anyana kuongea, tukamwomba radhi kwa zamu, mama akilia, mimi nikieleza habari za yabisi na kimiminika. Alitusikiliza mpaka mwisho.

"Mmemaliza?" akauliza. "Haya, nimewasamehe. Wali wangu unaungua."