Kilo Zangu na Cherehani ya Mama

Nakumbuka tulipokuwa wadogo pale Kismayo, mwaka vita vilipofika mtaani kwetu, niliambiwa jambo nikaliamini kuliko nilivyoamini kwamba maji ya bahari yana chumvi: kwamba Kenya mtu haingii mpaka apande kwenye mizani, na mzigo atakaoruhusiwa kuingia nao ni ule ulio sawa na uzito wake mwenyewe. Kilo kumi za mtu, kilo kumi za vyombo. Kinachozidi kinabaki ufukweni, kiwe mali ya kaa.

Aliyenipa habari hiyo ni Ami Kassimu, mdogo wake baba, muuza kahawa. Ami alikuwa hajavuka Ras Kamboni maisha yake yote, lakini Kenya alikuwa akiieleza kama fundi aliyeijenga. Akanionyesha kwa mikono ukubwa wa mizani yenyewe. "Bamba lake, mwanangu, ngamia akilala, miguu haitoki nje." Sasa mtoto wa miaka sita ukishamtilia ngamia ndani ya habari, atakataa vipi?

Habari ile ilinikaa rohoni kwa sababu ya cherehani. Mama alikuwa na cherehani ya mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu ubavuni, ndani ya sanduku lake la mbao. Baba alikuwa baharia, wakati huo yuko Uarabuni na barua zake zimekatika, kwa hiyo tulichokula kilitoka kwenye tundu la sindano ile. Nayo ilikuwa nzito, jamani. Ikitua mezani, paka wa nyumba ya tatu alikuwa akiamka. Nikajiuliza: Mama mwembamba, dada yangu Mwanaisha mwembamba zaidi, na mimi ukinisimamisha upande nilikuwa sionekani. Nani atakuwa na kilo za cherehani?

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka nyumba zetu za wakati ule. Mwezi wa Shaabani ukielekea kwisha, nyumba nzima ilikuwa ikitolewa nje. Makochi uani, mikeka juu ya ukuta, sufuria zinasuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka unajiona meno. Chokaa inachemka kwenye pipa, harufu yake inagombana na udi na samaki wa kukaanga, na sisi watoto tumepata dunia mpya ya kuchezea kibe, maana hakuna pahala pa kujificha pazuri kama ndani ya godoro lililokunjwa. Mchanga mweupe ulichotwa pwani ukamwagwa uani, na yeyote aliyeukanyaga kabla wageni hawajauona alijuta. Mapazia hayakununuliwa. Mama alikuwa akiyafumua yale ya mwaka jana, akayageuza ndani nje, akayatia ukingo wa rangi nyingine, na majirani wakaja kuuliza kitambaa kile kimeshuka na meli gani.

Mama alikuwa mtu wa Koyama, na watu wa visiwani hawana vyumba vya kupoteza vitu. Neno lake lilikuwa moja, asubuhi mpaka usiku: "Mkasi una kwao. Urudishe kwao." Bakuli lina kwao, kandambili zina kwao, hata uzi uliobaki urefu wa kidole ulikuwa na kwao, ndani ya kopo la vifungo. Mimi peke yangu ndimi niliyekuwa nikionekana kila mahali.

Vita vilipokaribia, watu walikimbia na vitu vya ajabu. Jirani mmoja alitoka mbio na mlango wa kabati, kabati lenyewe kaliacha. Mwingine alibeba saa ya ukutani na kusahau viatu. Mama hakukimbia hivyo. Milio ya bunduki ilikuwa ikisikika upande wa bandari, naye kaketi sakafuni anafunga mizigo kwa siku nne, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwa harusi ya binamu. Sufuria ndani ya sufuria, na ndani ya ile ndogo kabisa akatia iliki na bizari. Bilauri zikavishwa soksi zetu. Sindano zikachomwa ndani ya kipande cha sabuni zisipate kutu. Chumvi ikaingia kwenye birika. "Chombo hakisafiri kitupu," alisema, "hatujapanda boti ili tupeleke upepo." Kisha akagawa mafungu matatu, kila fungu na kanga yake. Kanga nyekundu ndiyo ya kufunguliwa mwanzo, na ndani yake mlikuwa na kiberiti, birika, majani ya chai na mkeka. Kwa Mama, mtu aliyefika akaanza kutafuta kiberiti alikuwa hajahama, kapotea tu.

Ami Kassimu naye, kwa upande wake, akaleta sayansi. Akalaza kinu uani, akaweka ubao wa benchi juu yake. Mwisho mmoja akanikalisha mimi, mwisho wa pili akaweka cherehani na sanduku lake, pasi ya makaa na kopo la vifungo. Nikapaa. Wallahi nilipaa mpaka nikaona paa la msikiti.

Ami akanitazama juu kule kwa masikitiko. "Umepungukiwa kilo tatu, Athmani. Ni kama mofa arubaini."

Nilianza kula siku hiyo hiyo. Mofa, ile mikate yetu ya tanuri, kwa asali, mofa kwa mtuzi wa papa, mofa kwa mofa. Basta, yaani tambi, iliyopikwa iwatoshe wanne niliimaliza nikiwa nimesimama. Tende nilizimeza na kokwa, kwa kuwa kokwa pia ina uzito. Nilitembea polepole nisije nikayeyusha kitu. Wenzangu wakicheza gololi mimi nakaa kivulini kama pasha, nimeshika tumbo kwa mikono miwili. Nilidhani Mama atanikaripia, lakini alisema, "Mwacheni ale. Kilichomo tumboni hakitaki gunia." Vyakula vilivyokuwa stoo visingeweza kusafiri, na kwa mpango wake mimi nilikuwa gunia lenye miguu.

Mwanaisha alikuwa na miaka kumi wakati ule. Kila tukikaa sinia moja alikuwa akivunja mofa yake na kunisukumia nusu kubwa. "Kula," aliniambia. "Wewe ndiwe cherehani."

Siku ya safari ilipofika, kumbe nahodha alikuwa na sheria zake. Boti lilikuwa limejaa mpaka watu wanapeana zamu ya kupumua. Akaligusa sanduku kwa mguu. "Mama, hili linabaki."

Mama aliinama, akalikumbatia sanduku kwa mikono miwili. Mara ya kwanza katika siku zote zile nikamwona hana mpango. Nikajipenyeza mbele.

"Hilo halibaki. Hilo ni la kilo zangu."

"Kilo zipi?" nahodha akauliza.

Nikapandisha shati, nikamwonyesha tumbo. "Hizi. Nimezila mwenyewe, muulize Ami Kassimu."

Yule bwana alicheka mpaka akashika ubavu wa boti asianguke. Ufukwe mzima ulikuwa haujasikia kicheko tangu wiki iliyopita, watu wakageuka kutazama. "Mpakieni huyu na kilo zake," akasema. "Lakini akae juu yake, sina nafasi mbili." Nikasafiri nimekalia cherehani kama sultani. Shida ilikuja bahari ilipochafuka. Kila nikitapika nilikuwa nikipiga hesabu kwa uchungu: hapo imekwenda pasi. Hapo limekwenda kopo la vifungo. Nikimaliza, nanyoosha mkono kuomba tende nyingine.

Tuliposhuka Kenya hapakuwa na mizani ufukweni. Sikushtuka, nilidhani mwenye mizani kaenda kuswali. Na kweli, wiki ya pili tukiwa kambini karibu na Mombasa, mizani ikaja. Ilining'inizwa kwenye mti, ina kisaruali cha kitambaa cha kumtia mtoto, na watoto wote tukapangwa foleni. Nilikunywa maji kopo zima, nikatia gololi mifukoni. Sindano ya mizani ilikwenda, ikaenda, kwa kumbukumbu zangu ilizunguka mara mbili. Muuguzi akanizungushia utepe mkononi, akatabasamu. "Huyu mzima. Anayefuata."

Waliokuwa wembamba walipewa kadi na kikombe cha uji wa maziwa. Niliwaonea huruma sana. Nilijua ule uji ni wa kuwapoza, kwa sababu vyombo vyao vimezuiliwa. Nikamwendea mtoto mmoja aliyetoka Kudhaa, kule kwetu, yeye na kikombe chake, nikamwambia, "Pole ndugu yangu. Nyinyi wamewachukulia nini?"

Akanitazama. "Godoro," akasema.

Kumbe godoro lao lilikuwa limetumbukia baharini njiani. Ungekuwa wewe, ungehitaji ushahidi gani zaidi? Nikatoka mbio kwa Mama kumpasha habari kwamba cherehani imepita, na pasi imepita. Mama alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akanitazama kuanzia utosini mpaka miguuni. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi nishikie pindo hili."

Na mapindo yalikuwa mengi, maana kile kibanda chetu cha miti na turubai Mama alikipamba mpaka watu wakawa wanapita kutazama. Magunia ya unga aliyafumua, uzi wake akauviringisha kwenye kijiti, nguo yake akaifua na kuishona mapazia kwa uzi ule ule. Maandishi ya unga yalitokea kichwa chini, lakini kwa mbali ungedhani ni nakshi. Ukuta ulikandikwa udongo uliochanganywa na majivu, tukachomeka simbi za baharini na karatasi za kung'aa za paketi za majani ya chai. Makopo ya maziwa yakawa kabati, moja la vijiko, moja la dawa, moja la mambo yasiyojulikana. Kamba mbili na kanga tatu zikatupa nyumba ya vyumba vitatu, pamoja na chumba cha wageni, ingawa mgeni akiingia mwenyeji alikuwa hana budi kutoka. Miezi haikuwa mingi kabla nusu ya kambi haijawa na mapazia ya Mama, na sisi tukala tena kwa tundu la sindano.

Juzi binti yangu Salama alihamia nyumba ya vyumba viwili hapa Mombasa. Alikuja na lori. Lori, kutoka mtaa wa pili. Maboksi hamsini, kila boksi limeandikwa jina kwa kalamu nene, na simu mkononi inamfundisha jinsi ya kukunja shati. Siku ya tatu bado wanatafuta chaja. Vijana hawa wananunua boksi la kutilia maboksi, wanapaka ukuta rangi ya kijivu kwa makusudi, halafu wanalalamika nyumba imepoa. Nilicheka, lakini niliporudi kwangu nilianza kulinganisha. Sisi vyombo vyetu vyote vilikuwa vikiingia kwenye kanga tatu, na gizani ningeweza kukupa kijiko au kandambili bila kupapasa. Leo nyumba yangu imejaa, na miwani yangu siioni mpaka aje mtu kunionyesha iko usoni. Kismayo naiona kwenye simu za watu. Mama hayupo, na cherehani iko kwa Salama, juu ya meza, imewekewa maua.

Mwanaisha yuko hapa kwa likizo, anaishi Ulaya siku hizi. Siku ile ya kuhama alikuwa ameketi juu ya boksi anakunja mashuka, na mimi, mbele ya watoto, nikaanza kisa changu cha kilo. Nimekisimulia mara elfu. Kwenye shule ya jioni, ile iliyonipa cheti changu, nilikiandikia insha, mwalimu akaniambia niisome mbele ya darasa zima la watu wenye mvi. Mwanaisha akanisubiri mpaka nikafika kwenye mizani na kikombe cha uji, watoto wamekwisha kujigaragaza kwa kicheko. Akaweka shuka juu ya shuka, akanyoosha kingo zake.

"Mchu mzima wewe, na cheti chako," akasema kwa lafudhi ya nyumbani. "Athmani, hakuna aliyepima mizigo ya mtu. Ile mizani ilikuwa ya kutafuta watoto wenye njaa. Mimi nilikuwa nyuma yako kwenye foleni. Mimi walinipa uji."